MTOTO ACHECHEMEAYE: MARADHI YA NYONGA NA MATIBABU YAKE

Mtoto wa miaka 6 huenda akawa na afya njema, mwenye kula vizuri na kucheza na wenziwe, kisha siku moja mamaye akamwona anachechemea. Hakuanguka, hakuchomwa na mwiba, wala hana jeraha. Akiulizwa ni wapi panapomwuma, huonyesha goti. Basi goti hukandwa kwa mafuta ya nazi na kufungwa kitambaa. Maumivu hutulia, wazazi wakashukuru. Lakini baada ya majuma machache kuchechemea hurudi. Hivyo miezi hupita, na kumbe goti halina kosa lo lote. Maradhi yamo katika nyonga.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo yafaa kila mzazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe alifahamu. Mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga hutuma matawi yake hata gotini. Kwa hiyo maumivu ya nyonga mara nyingi husikika katika goti au paja. Mtoto achechemeaye na kulalamikia goti, sharti nyonga yake ipimwe pia.

JINSI NYONGA ILIVYO

Fupa la paja lina kichwa cha mviringo kama mpira, nacho hukaa ndani ya kikombe kilichomo katika mfupa wa kiuno. Kwa sababu ya umbo hilo mtu aweza kutembea, kuchutama na kuketi mkekani. Kichwa hicho hulishwa na mishipa midogo ya damu. Damu ikipungua sana, sehemu ya mfupa hufa na kupoteza nguvu zake, na uzito wa mwili huweza kuubonyeza hata ukawa bapa.

Mwaka 1910 madaktari watatu, Legg wa Marekani, Calvé wa Ufaransa na Perthes wa Ujerumani, walieleza maradhi ya namna hii, kila mmoja kwa upande wake. Kabla ya hapo yalichanganywa na kifua kikuu cha mifupa. Siku hizi huitwa maradhi ya Perthes. Huwapata hasa watoto wa miaka 4 hata 8, na kwa kila msichana mmoja hupatikana wavulana wapata wanne. Sababu ya damu kupungua haijagunduliwa. Lakini ni hakika kwamba hayaambukizi, wala hayakuletwa na kosa la mama.

DAMU YENYE UMBO LA MUNDU

Miongoni mwa Waafrika maradhi ya Perthes ni nadra. Hata hivyo, watu wa pwani wana sababu nyingine ya kuiangalia nyonga, nayo ni maradhi ya selimundu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba wenye alama ya selimundu katika damu yao walikuwa wengi zaidi pwani na kando ya Ziwa Victoria kuliko katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alitangaza kwamba alama hiyo, mtu akiirithi kwa mzazi mmoja tu, humkinga na ukali wa malaria.

Mtoto anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Chembe za damu yake hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo; na mshipa wa nyonga ukizibwa, kichwa cha fupa huharibika kama ilivyo katika Perthes. Kwa hiyo mtoto mwenye kuchechemea huko pwani hupigwa picha ya eksrei, na damu yake hupimwa pia. Picha ya kwanza huenda isionyeshe kosa, maana mfupa huchukua muda kubadilika. Mzazi akiambiwa arudi, na arudi, ijapokuwa ni safari ya feri.

UDONGO UWAHI UNGALI MAJI

Methali hii yaeleza matibabu ya Perthes. Mwili wa mtoto huuondoa mfupa uliokufa na kujenga mpya, kazi ichukuayo miaka 2 hata 4. Wakati huo kichwa cha fupa ni laini, na kikombe cha nyonga ndicho kalibu yake. Kikikaa sawasawa ndani ya kikombe, huelekea kuota mviringo. Kikichomoza nje, huota bapa, na mtu huyo aweza kupata maumivu makali ya nyonga angali kijana.

Kazi ya daktari, basi, ni kukihifadhi kichwa hicho mahali pake. Watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 6, mara nyingi hupona kwa kupunguziwa mbio na kuruka, kupewa dawa ya maumivu, na kunyoshwa viungo. Wengine hupewa magongo au hufungwa plasta. Wakubwa zaidi huenda wakapasuliwa, fupa likageuzwa lielekee vema ndani ya kikombe. Mwenye selimundu hutibiwa pia maradhi ya damu yenyewe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mtoto achechemeaye kwa siku kadhaa bila sababu inayojulikana apelekwe zahanati au hospitali iliyo karibu. Akihitaji mabingwa, atapewa barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, kisiwani.

2. Mtoto mwenye homa asiyeweza kukanyaga chini apelekwe siku ile ile. Huenda nyonga ina usaha, na usaha huila nyonga kwa muda wa siku chache tu.

3. Nyonga yenye maumivu isivutwe wala isikandwe kwa nguvu kabla ya kupimwa.

4. Mwalimu asimwite mvivu. Amsamehe mpira na mbio, lakini asimwachishe masomo. Kuogelea, daktari akiruhusu na mtu mzima akiwapo, ni zoezi jema.

5. Mama asiache mbeleko kwa hofu. Mtoto mchanga abebwaye mgongoni, miguu ikiwa imepanuka kiunoni mwa mamaye, nyonga zake hukaa vizuri ndani ya vikombe vyake. Linalodhuru ni kumfunga nguo miguu ikiwa imenyoshwa na kubanwa pamoja.

Baba na mama wa mtoto achechemeaye wasingoje mpaka mguu uwe mfupi. Wakati wa kuisaidia nyonga ni sasa, mfupa ungali ukijengwa.