Maombi Yaliyoketi Mlangoni
Somo: Luka 18:1-8

Yesu alipotaka kutufundisha kuomba, alitupa mjane anayemsumbua hakimu.

Mwaka 2003 akina mama wa Liberia walimfuata huyo mjane. Vita vilikuwa vimewala watoto wao, wengine wakishikishwa bunduki wakiwa wadogo. Leymah Gbowee na wenzake walianza na maombi kanisani, akina mama Waislamu wakajiunga. Wakavaa nyeupe, wakaketi karibu na soko la samaki Monrovia, njia ya msafara wa Rais Charles Taylor. Jua, mvua, wapo tu.

Mazungumzo yakapelekwa Ghana, wiki zikapita. (Mimi nilisomea biashara: mtu unayemlipia hoteli hana haraka ya kufunga mkataba!) Basi akina mama wakaketi mlangoni pa ukumbi, mikono wameshikana: hamtoki bila amani. Mkataba ulitiwa sahihi Accra, tarehe 18 Agosti.

Sasa sisi. Kijana wa mtaa akipotea baada ya maandamano, tunamweka kwenye maombi ya kesha. Sawa. Lakini ni nani kati yetu amemsindikiza mama yake hadi kituo cha polisi? Kwenye ushirika wa nyumbani wiki hii, jibuni hilo kwanza, ndipo muombe.