Kabla pampu haijatoka stoo, pima nyungunyungu wako

Februari ikielekea ukingoni, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Meru huangalia mawingu kwa jicho moja na bei ya dawa ya kopa kwa jicho la pili. Masika yakianza, magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani nayo huanza, na hakuna mwenye shamba anayetaka kukutwa mikono mitupu. Hilo nalielewa vizuri. Lakini mwaka huu, kabla hujanunua kopo jingine, nakuomba upime jambo ambalo hutalisoma kwenye kibandiko cha kopo: kopa iliyokwisha kujaa kwenye udongo wako imewafanya nini nyungunyungu.

Kopa haifanani na dawa nyingine za shambani. Dawa nyingi huvunjika zenyewe, nyingine kwa wiki, nyingine kwa miezi au miaka. Kopa ni madini. Haiozi, hailiwi na bakteria, na jua haliiunguzi. Wakulima wa zabibu wa Bordeaux, Ufaransa, walianza kupulizia mrututu, yaani salfeti ya kopa, uliochanganywa na chokaa katika miaka ya 1880, na udongo wa mashamba yao ya zamani umebeba mzigo huo mpaka leo. Kwetu chulebuni, iliyogunduliwa Kenya mwaka 1922, ilivuka mpaka katika miaka ya 1960, na tangu hapo kuna vihamba ambavyo babu, baba na mjukuu wote wamepulizia. Matone yanadondoka, majani yaliyopuliziwa yanaanguka, na kopa inabaki kwenye sentimita chache za juu, palepale nyungunyungu wanapolia chakula chao.

Dalili ya kwanza utaiona kwa macho. Ingia chini ya mibuni mizee uinue majani makavu. Kwenye udongo wenye nyungunyungu wa kutosha, majani ya mwaka jana hayaonekani tena. Yamevutwa chini, yameliwa, yamegeuka udongo mweusi wenye vipunje. Ukikuta majani yamelala tabaka juu ya tabaka na yanabanduka kama mkeka, huku udongo wa chini yake umekaza, ujue wafanyakazi wa hapo wameondoka. Wakulima wa matofaa wa Uingereza na Uholanzi waliyaona hayohayo kwenye bustani zilizopuliziwa kopa kwa miaka mingi.

Dalili peke yake haitoshi kumshtaki mtu, wala dawa. Nyungunyungu hukosekana kwa sababu nyingi: shamba limechomwa moto, udongo ni mchachu mno, hakuna matandazo, au ni kiangazi tu. Wakati wa ukame wengi hushuka chini, wakajikunja na kulala mpaka mvua irudi. Kwa hiyo anayechimba leo kwenye vumbi, akakosa hata mmoja na kulia kwamba ameua shamba, amewahi mno kulia. Ndiyo maana tunahitaji kipimo.

Maabara duniani zina vipimo vya namna tatu. Cha zamani zaidi ni kile ambacho mwongozo wake ulitolewa na OECD mwaka 1984: nyungunyungu 10 huwekwa kwenye udongo wenye dawa, na baada ya siku 14 huhesabiwa waliokufa. Ni kipimo cha haraka na rahisi, lakini kwa mkulima hakitoshi. Kiumbe anaweza kuwa hai na asizae. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1994 uliwapima nyungunyungu wekundu wa mboji kwa kopa. Ili kuua nusu yao ilihitajika zaidi ya miligramu 500 kwa kila kilo ya udongo, lakini karibu miligramu 50 tu zilitosha kupunguza vifuko vya mayai kwa nusu. Tazama pengo hilo. Kati ya 50 na 500 mkulima anachimba, anaona nyungunyungu wazima wanajinyonganyonga, anafurahi, na kumbe anatazama wazee wasio na watoto.

Kipimo cha pili kinapima uzazi, nacho huchukua siku 56. Cha tatu ni cha kukwepa, na hiki ndicho ninachotaka ukifanye nyumbani, kwa sababu huchukua saa 48 tu na kinatumia tabia aliyonayo nyungunyungu yeyote: ngozi yake laini huonja udongo kila anapopita, na penye kumchoma hakai.

Tafuta mabeseni matano ya plastiki ya lita mbili au tatu. Usitumie chombo kilichowahi kuwekwa rangi, dawa au sabuni, na yakishatumika yasirudi jikoni. Kata kipande kigumu cha plastiki kutoka kwenye dumu tupu la mafuta ya kula, kiwe cha kutosha kuligawa beseni katikati. Kisha chukua udongo wa aina mbili. Wa kwanza uchukue chini ya mibuni, sentimita 10 za juu, kutoka sehemu nane au kumi za shamba, uuchanganye. Wa pili ni udongo usiowahi kupuliziwa: pembeni ya mpaka, chini ya migomba iliyo mbali na mibuni, au uani. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Udongo wa pili lazima ufanane na wa kwanza kwa kila kitu isipokuwa dawa. Ukilinganisha mfinyanzi wa shambani na kichanga cha bondeni, nyungunyungu watachagua wanaoupenda, na wewe utadhani wamekimbia kopa. Wala usichukue udongo wa zizini. Samadi mbichi ina amonia na chumvi za mkojo, nazo zinaweza kuua nyungunyungu.

Chekecha udongo wote kwa chekeche lilelile, kisha unyeshee kidogokidogo mpaka ukiukamata ngumi ushikane, bila maji kuchuruzika. Pande zote mbili unyevu uwe sawa kabisa, maana nyungunyungu hufuata maji kabla ya kitu kingine chochote.

Nyungunyungu wenyewe wachukue kwenye lundo la mboji au chini ya migomba isiyopuliziwa, si kwenye mibuni unayoipima, kwani waliobaki humo huenda wamekwisha kuizoea sumu. Chagua wakubwa wenye mkanda mnene karibu na kichwa. Mkanda huo ndio alama ya mtu mzima. Wote wawe wa aina moja. Waweke siku nzima kwenye udongo safi ili wapoe kabla hujaanza.

Sasa simamisha kipande cha plastiki katikati ya beseni, jaza udongo safi upande mmoja na wa shambani upande wa pili, vimo vilingane, halafu chomoa kipande taratibu. Panga nyungunyungu 10 juu ya mstari wa katikati. Watajizika wenyewe ndani ya dakika chache. Funika kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira, kwa sababu wakitishika watapanda ukuta na kutoroka, na weka beseni mahali pa baridi penye giza. Usiwape chakula. Baada ya siku mbili kamili rudisha kipande cha plastiki kwa mkupuo mmoja, mwaga kila upande kwenye gazeti, hesabu. Aliyekatwa na kipande anahesabiwa nusu huku na nusu kule, hata kama sehemu kubwa ya mwili imeangukia upande mmoja. Hiyo ni kanuni ya maabara, na mimi naipenda kwa sababu inamzuia mpimaji kuegemea anakotaka.

Katika mabeseni matano utakuwa na nyungunyungu 50. Wakigawanyika 25 kwa 25, au 28 kwa 22, hakuna neno. Kiwango cha Shirika la Kimataifa la Viwango cha mwaka 2008 kinasema hivi: upande wenye shaka ukibaki na chini ya asilimia 20, yaani pungufu ya 10 kati ya 50, udongo huo haufai tena kuwa makazi yao. Ukikuta 12 au 15, usikate hukumu, rudia. Na beseni likiwa na waliokufa au waliopotea zaidi ya mmoja, lifute, uanze upya.

Kabla ya yote hayo kuna beseni moja la kujaribia ambalo nasisitiza lisirukwe. Lijaze udongo safi uleule pande zote mbili. Nyungunyungu wakirundikana upande mmoja hapo, tatizo liko kwenye beseni lako: upande mmoja una mwanga, una joto, au una maji zaidi. Rekebisha kwanza. Mpimaji asiyefanya hivi hajapima kitu.

Mwenye subira afanye na kipimo cha uzazi. Weka nyungunyungu 10 wenye mkanda kwenye kila chombo, kimoja udongo safi na kingine wa shambani, ukiwalisha samadi kavu ya ng'ombe asiyetibiwa minyoo hivi karibuni. Baada ya wiki nne watoe wakubwa. Ukichambua udongo utakuta vifuko vya mayai vya milimita tatu hivi, vyenye ncha mbili. Virudishe, subiri wiki nne nyingine, kisha hesabu watoto. Maabara huweka chombo kwenye maji ya moto na kuyaongeza joto mpaka nyuzi 60, na watoto hupanda juu wenyewe. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu shamba halihitaji nyungunyungu wa leo tu, linahitaji na wa masika yajayo.

Kitu kimoja nakataza kabisa: usinunue dawa ukaichanganya mwenyewe kwenye udongo mbichi ili uone itakavyoua. Vipimo vya gramu na kilo hutaviweza kwa kijiko, na utaidhuru ngozi na pumzi yako bure. Pima udongo uliokwisha kupata dawa, vaa glavu, basi.

Kipimo hiki hakitakutajia jina la sumu. Wanaopanda nyanya au maharage kati ya migomba wana dawa nyingine za kuziangalia. Carbendazim, dawa ya ukungu inayouzwa madukani kwa majina mengi ya biashara, ni mbaya kwa nyungunyungu kiasi kwamba maabara zinaitumia kama sumu ya kulinganishia, ili kuhakikisha kwamba nyungunyungu wao bado wanahisi. Carbofuran, dawa ya wadudu, nayo ni mbaya sana, na haidhuru nyungunyungu peke yao. Kwa hiyo usisome jina kubwa la mbele. Geuza chupa usome maandishi madogo yanayotaja kiini cha dawa na kiasi chake.

Mvua zikishanyesha wiki mbili na udongo umelowa vizuri, kamilisha kazi shambani. Asubuhi mapema chimba shimo la mraba la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 25, mwaga udongo juu ya gunia na uchambue kwa vidole. Zidisha idadi uliyopata kwa 11, utapata nyungunyungu wa mita moja ya mraba. Chimba mashimo matano chini ya mibuni na matano penye udongo safi. Matokeo ya beseni na ya shimo yakikubaliana, hapo una ushahidi.

Ukibaini kopa imezidi, huwezi kuiondoa. Unachoweza ni kuifunga na kuacha kuiongeza. Udongo mchachu huiachia kopa, ikawa tayari kudhuru. Udongo wenye uchachu wa wastani na mboji nyingi huishika. Kwa hiyo pima pH, na ikiwa chini weka chokaa ya kilimo kwa kiasi utakachoshauriwa, si kwa kukisia. Weka mboji iliyoiva na matandazo. Punguza mbolea ya salfeti ya amonia, kwani kila msimu inaongeza uchachu. Usimwage mabaki ya pampu wala kuisuuza palepale chini ya mibuni. Pogoa ili hewa ipite, na anayepanda upya achukue miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa ya Lyamungu, inayostahimili chulebuni na kutu. Kwa maoni yangu miche hiyo ndiyo dawa ya kweli, na mkulima anayeendelea kupulizia mibuni mizee miaka yote huku miche ipo anajiumiza mfuko na udongo kwa pamoja.

Sikwambii uache kopa kesho asubuhi. Mwenye mibuni isiyostahimili akiiacha ghafla, chulebuni itachukua matunda yake, na familia haili nyungunyungu. Ninachokwambia ni kupulizia kwa kipimo, kwa wakati, na pale ugonjwa unapotisha, si kwa kalenda ya marehemu babu.

Beseni likikupa jibu baya, peleka sampuli ya udongo kwa afisa ugani wako au maabara ya TARI Mlingano, Tanga, au SUA, Morogoro. Omba vipimo vitatu: kopa, pH na kiasi cha mboji, kwa maana namba ya kopa bila zile mbili haisemi hatari. Kwenye mfuko andika jina la shamba, kina ulichochimba, na miaka ambayo shamba limepuliziwa. Fanya hivyo mwezi huu, kabla mvua hazijakukuta na pampu mgongoni.