Belo la mama na kitabu cha mhadhiri

Binti wa Ilala,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Uko mwaka wa pili, unasomea biashara ya kimataifa, na hesabu hazikusumbui. Kinachokusumbua ni siku ile mhadhiri aliposema mitumba imeua viwanda vyetu vya nguo, nawe ukainamisha kichwa kwa sababu ada yako inatoka kwenye meza ya mitumba ya mama pale soko la Karume. Unauliza, uache kozi?

Usiache, mwanangu. Mhadhiri hajasema uongo, ila hajamaliza. Viwanda vile vilianza kuugua mapema: mitambo chakavu, vipuri hakuna, fedha za kigeni hakuna. Mitumba ilipofurika ilivikuta vimeshaugua.

Mwombe awasimulie ya Rwanda. Mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, wakishika AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Kenya, iliyokuwa kwenye mpango huohuo wa kuibana mitumba, ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Mimi sioni aliyeshinda pale. Ila ona meza ya mama yako ilivyokaa katikati ya ugomvi wa marais.

Sasa nenda Karume alfajiri, belo linapokatwa kamba. Mama amelinunua limefungwa. Aliyelifunga anajua kilichomo, yeye hajui. Akifungua akakuta makoti mazito ya baridi, mtaji umekwenda. Jambo hilohilo, muuzaji kujua asichokijua mnunuzi, George Akerlof aliliandikia makala mwaka 1970 akitumia mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa waliotunukiwa Nobeli ya uchumi. Mama yako hulipia somo hilo kila anapofungua belo.

Muulize mzigo wa nchi gani anauamini, upi anaukwepa. Muulize dola ikipanda, bei ya belo inachukua siku ngapi kumfikia. Utafiti wako wa mwaka wa tatu umelala humo.

Nenda na daftari, ukae upande wa muuzaji. Na wanafunzi wenzako wakipita kuchagua mashati, wapunguzie kidogo.