Ngozi Inaonekana, Macho Je?

Akizaliwa mtoto mwenye ualbino, nyumba nzima huitazama ngozi. Macho husahaulika. Rangi iliyopungua kwenye ngozi na nywele huhitajika pia jicho linapojengeka tumboni mwa mama. Ikipungua, sehemu ya nyuma ya jicho haikomai sawasawa. Mtoto huona vya mbali kwa shida, jua humuumiza macho, na mboni huchezacheza zenyewe. Miwani humpunguzia tabu, haiimalizi.

Ndiyo sababu anabandika daftari puani, anainamisha kichwa upande, au anakupita njiani bila shikamoo. Hana kiburi, hajakuona. Wapo wanaorudishwa nyumbani na sifa ya uzito wa kuelewa, kumbe maandishi ya ubaoni hawayasomi kabisa. Mzazi, nenda shuleni mwenyewe. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, dirisha lisimmulike usoni, atamke anachoandika, na amruhusu kuinuka kusogelea ubao. Nyumbani mwacheni asome kwa karibu anavyotaka, hakumharibii macho.

Ngozi nayo ina kazi yake. Saratani huanzia kwenye jua la kila siku, hata la kuchota maji. Kinga ni nguo za mikono mirefu, kofia pana (kapelo huacha masikio na shingo wazi, na huko ndiko vidonda hupenda kuanzia), na kivuli kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Mafuta ya nazi hayazuii jua. Ulizeni hospitalini mafuta ya kukinga jua. Mjini Moshi hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili hiyo hasa. Kidonda kisichopona ndani ya mwezi kipelekwe kwa daktari.

Watoto wengine wenye ulemavu hawana alama yoyote mwilini. Mtoto anayeitika akikutazama tu, ukimwita kwa nyuma akanyamaza, apimwe masikio kabla ya kuitwa mkaidi.

Na mwenye kifafa huonekana mzima hadi aanguke, kisha watu humkimbia wakiogopa povu. Haliambukizi. Ondoeni vitu vya kumuumiza, wekeni nguo laini chini ya kichwa, msimbane viungo, msimtie kijiko mdomoni. Degedege likitulia mlazeni ubavu. Likizidi dakika 5, au likirudia kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali. Akizinduka atakuwa amechanganyikiwa. Abaki na mtu anayemfahamu, wengine watawanyike.