SOMO LA TANO: PLASTIKI NYUMBANI, TUIZUIE MLANGONI



Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilianza kutekeleza marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile iliyozoeleka mitaani kwa jina la rambo. Wengi wetu tulidhani kwamba siku hiyo plastiki imeziaga nyumba zetu. Sivyo ilivyokuwa. Marufuku ile ililenga mfuko wa kubebea. Vifungashio vya dawa, vya bidhaa za viwandani, vya kilimo na vya vyakula vilivyosindikwa viliruhusiwa kuendelea. Kwa hiyo plastiki bado inaingia nyumbani kila siku: chupa ya maji, kifuko cha sabuni ya unga, kopo la mafuta ya kupaka, kifungashio cha karanga, pempasi ya mtoto.

Lengo la somo hili ni kukuwezesha kuitambua njia ambayo plastiki hupita kuingia nyumbani kwako, na kuipunguza bila kuongeza gharama za kaya.

1. Kwa nini tujishughulishe

Plastiki hutengenezwa kwa mafuta ya petroli na gesi asilia. Haiozi kama ganda la ndizi. Hukatikakatika vipande vidogo hadi kuwa chembe zinazoingia katika udongo, mito na bahari. Kifungashio kinachohifadhi nyanya kwa nusu saa hubaki mtaroni kwa miaka mingi. Mtaro ukiziba, maji ya masika hutafuta njia nyingine, na aghalabu njia hiyo ni sebule ya mtu.

2. Tuanze kwa kuhesabu

Kabla ya kununua chochote kipya, hesabu ulicho nacho. Kwa siku saba, kila plastiki inayomaliza kazi nyumbani isuuzwe na kuwekwa katika gunia moja. Siku ya saba mimina gunia juu ya mkeka, kisha wewe na jamaa zako mgawe mafungu matatu: ile mngeweza kuikataa, ile mngeweza kuitafutia mbadala, na ile ambayo kwa sasa hamna namna ya kuikwepa. Fungu la tatu lisikukatishe tamaa. Kazi yetu imo katika mafungu mawili ya kwanza.

3. Plastiki isikutane na moto

Ikiwa utabadili jambo moja tu baada ya kusoma somo hili, tunakushauri liwe hili.

Katika nyumba nyingi jiko la mkaa huwashwa kwa kipande cha plastiki kwa sababu hushika moto upesi. Moshi wake una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mpishi pamoja na mtoto aliye mgongoni. Plastiki za aina ya PVC, kama vile vipande vya mabomba, zikiungua katika moto hafifu hutoa dioksini, kemikali ambazo hukaa mwilini muda mrefu na zinahusishwa na saratani. Tumia vijiti vikavu, vifuu vya nazi au karatasi. Kwa sababu hiyo hiyo, takataka zenye plastiki zisichomwe uani.

Jambo la pili ni chakula cha moto. Wapo wanaofunika wali au ndizi sufuriani kwa mfuko wa plastiki ili mvuke usitoke. Wapo pia wanaopokea chipsi au supu ya moto ndani ya kifuko laini. Joto na mafuta huiwezesha plastiki kuachia kemikali zake ndani ya chakula. Funika sufuria kwa jani la mgomba, sahani ya bati au mfuniko wake, na uendapo kununua chakula cha moto chukua bakuli la chuma au hotpoti. Sahani za melamini zisitumike kupashia chakula.

4. Sokoni na buchani

Mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, inayouzwa karibu kila duka, kwa kawaida nayo ni plastiki. Imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini. Faida yake hupatikana ikitumika mara nyingi. Ukinunua mmoja kila uendapo dukani, umerudi pale pale tulipokuwa, tena kwa gharama yako. Kwa mujibu wa viwango, mfuko huo unapaswa kuwa na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba na kuonesha mtengenezaji wake. Mfuko mwepesi unaochanika safari ya kwanza ukatae.

Kilicho bora zaidi ni kikapu cha ukindu. Kikitunzwa pakavu hudumu miaka, na kikichoka huoza bila kudhuru udongo. Kitundike karibu na mlango, kwa maana wengi wetu hukosa kikapu kwa kukisahau.

Kwa nyama na samaki, chukua bakuli lenye mfuniko. Mwambie muuzaji kwa upole: “Kaka, naomba unipimie humu kwenye bakuli langu.” Hakikisha kwanza bakuli limewekwa tupu juu ya mzani na mzani umerudishwa sifuri, la sivyo utalipia uzito wa bakuli kwa bei ya nyama. Bakuli la nyama lisitumike kubebea mboga zinazoliwa mbichi, na lioshwe kwa sabuni na maji ya moto kila litumikapo.

5. Maji na mahitaji ya kila siku

Kaya inayonunua chupa mbili za maji kila siku hutoa chupa 730 kwa mwaka. Pale inapowezekana, chemsha maji, yaache yapoe, uyahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko na bomba. Anayetoka nyumbani abebe maji katika chupa ya chuma.

Tunafahamu kwamba wengi hununua sabuni na mafuta ya kupikia kidogo kidogo kwa kuwa kipato hupatikana kwa siku. Hata hivyo, vifuko vidogo kumi aghalabu hugharimu zaidi ya kiasi hicho hicho kikinunuliwa pamoja. Majirani wawili au watatu wanaweza kuchanga, wakanunua dumu moja na kugawana kwa kipimo. Sabuni ya kipande iliyofungwa kwa karatasi, au isiyofungwa kabisa, hufua vizuri na haiachi takataka.

6. Plastiki iliyokwisha kuingia

Usitupe ndoo, beseni au dumu zima kwa sababu tu ni plastiki. Chombo kinachodumu kitumike hadi mwisho wake. Namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo, kuanzia 1 hadi 7, hueleza aina ya plastiki; haimaanishi kwamba chombo ni salama kwa chakula. Usalama kwa chakula huoneshwa na alama ya bilauri na uma.

Tahadhari kubwa: mafuta ya taa, dawa ya kuulia wadudu au dawa ya madoa visiwekwe kamwe katika chupa ya maji au ya soda. Mtoto mwenye kiu huitambua chupa, haitambui sumu iliyomo.

Chupa tupu zisuuzwe na kutengwa na taka nyingine. Wapo wanunuzi wa chupa kwa kilo, na chupa safi humpunguzia kazi anayeziokota ili apate riziki yake.

Zoezi la kujipima

(a) Katika gunia lako la siku saba, ni plastiki ipi iliyojirudia mara nyingi zaidi?
(b) Je, jiko lako liliwashwa kwa nini asubuhi ya leo?
(c) Mfuko mbadala ulio nao umekwisha kutumika mara ngapi?
(d) Chagua plastiki moja utakayoizuia mlangoni kwa mwezi mzima. Iandike ukutani, na mwezi ukiisha ujaze gunia upya na kulinganisha.

Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo plastiki ilivyojaa majumbani mwetu, na ndivyo tutakavyoipunguza.