Meli Iliyotia Nanga Haijatulia: Somo kwa Wavuvi na Wakazi wa Kata za Pwani

Asimamaye ufukweni jioni na kutazama Ghuba ya Tanga huziona meli kubwa kwa mbali, zimetulia kama nyumba zilizojengwa juu ya maji. Mvuvi huvutwa kuzisogelea. Chini ya kivuli chake samaki hujikusanya, ubavu wake hukinga upepo, na usiku taa zake huwavuta dagaa. Hata hivyo, utulivu huo ni wa macho tu. Somo hili linaeleza meli hufanya nini inapotia nanga, na chombo kidogo kifanye nini ili mvuvi arudi nyumbani salama pamoja na nyavu zake.

Kwa nini meli hungoja nje

Meli hutia nanga nje kwa sababu mbalimbali: gati halijawa wazi, rubani wa bandari hajapanda, maji hayajajaa vya kutosha, au ukaguzi haujakamilika. Kwa miaka mingi Bandari ya Tanga ilikuwa na sababu nyingine. Kina cha maji gatini kilikuwa kidogo, hivyo meli kubwa zilitia nanga takriban kilomita 1.7 kutoka gatini na shehena ikasafirishwa kwa matishari. Mradi wa maboresho ulioanza mwaka 2019 umeongeza kina cha lango la bandari kutoka mita 3 hadi mita 13, na gati zenye urefu wa mita 450 zimejengwa upya. Sasa meli kubwa hupita hadi gatini. Aidha, Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda, ambako meli za mafuta hupangiwa kupakia. Maji tuliyozoea kuyatumia peke yetu sasa tunayatumia pamoja na vyombo vikubwa zaidi.

Duara lisiloonekana

Wengi hudhani kuwa uzito wa nanga pekee ndio unaoizuia meli. Nanga hujichimbia kwenye matope au mchanga, lakini hushika vizuri pale tu mnyororo unapolala chini kwa urefu wa kutosha. Kwa sababu hiyo nahodha huteremsha mnyororo mrefu mara kadhaa kuliko kina cha maji.

Tuchukue mfano. Meli yenye urefu wa mita 180 imeteremsha mnyororo wa mita 137 hivi. Upepo ukigeuka, au maji yakianza kupwa baada ya kujaa, meli huizunguka nanga yake. Kutoka nanga hadi tezi ni takriban mita 300, kwa hiyo meli hiyo inamiliki duara lenye upana wa mita 600. Jarife lililotegwa asubuhi mahali penye maji matupu laweza kukutwa na meli mchana, hata kama meli hiyo haijawasha injini. Isitoshe, upepo wa kusi ukizidi nguvu, nanga huweza kuburura na meli ikalazimika kuwasha injini ghafla. Aliye karibu na pangaboi wakati huo hana nafasi ya kukimbia.

Kuisoma meli

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zimeweka alama ambazo kila mvuvi anaweza kuzitambua:

1. Mchana, meli iliyotia nanga hutundika tufe moja jeusi upande wa omo.
2. Usiku huwasha taa nyeupe upande wa omo na nyingine tezini, iliyo chini kuliko ya kwanza. Meli yenye urefu wa mita 100 au zaidi huwasha pia taa za sitahani.
3. Mvua kubwa inapoziba macho, hupiga kengele kwa haraka kwa sekunde 5 hivi kila dakika. Meli ya mita 100 au zaidi hufuatisha upatu tezini.
4. Bendera nyekundu huashiria shehena ya hatari, yakiwemo mafuta. Karabai, jiko wala sigara visisogezwe karibu nayo.
5. Honi fupi tano za haraka humaanisha kuwa nahodha ana shaka na mwendo wako. Ondoka njiani mara moja.

Kanuni za chombo kidogo

Kwanza, usitege nyavu wala kutia nanga katika njia ya meli iliyowekewa maboya. Chombo cha tanga, chombo cha uvuvi na chombo chochote chenye urefu chini ya mita 20 havipaswi kuizuia meli katika njia nyembamba. Meli kubwa iliyopakia huweza kwenda zaidi ya kilomita moja kabla ya kusimama.

Pili, usipite mbele ya omo ukidhani unaonekana. Kanuni za kimataifa zinakubali kuwa, kutoka chumba cha usukani, eneo la bahari lisiloonekana mbele ya omo laweza kufikia urefu wa meli mbili au mita 500, kwa kuchukua kipimo kilicho kidogo. Ngalawa iliyo ndani ya eneo hilo haipo machoni pa nahodha.

Tatu, kaa mbali na meli iliyotia nanga kwa angalau urefu wake mara tatu, wala usifunge kamba kwenye mnyororo wake. Usiku, mlinzi wa meli huweza kumdhania mvuvi anayesogea kuwa ni mwizi.

Nne, beba taa. Hata ngalawa ya makasia inatakiwa kuwa na kurunzi au taa iliyowashwa, ya kuonyeshwa mapema kabla ya hatari kufika.

Tano, itazame meli inayokuja ukiilinganisha na mlingoti wako. Ikibaki upande ule ule huku ikizidi kuwa kubwa, mnaelekea kugongana.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) husimamia maeneo ya bandari. Mwenye redio ya VHF aombe msaada kupitia chaneli 16.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha BMU

1. Je, nyavu zetu hutegwa ndani ya duara la meli iliyotia nanga?
2. Ni vyombo vingapi katika diko letu hutoka usiku bila taa?
3. Nani ufukweni anajua chombo kimekwenda wapi na kitarudi saa ngapi?

Swali la tatu lijibiwe leo, kabla ya chombo kingine kutweka tanga.