Punguzo la Kodi kwa Ada za Watoto: Je, ni Sadaka?

Katika masomo yetu ya Mafundisho Jamii ya Kanisa tumekwisha kuona kwamba kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri, na kutoa sadaka ni wajibu mwingine. Leo tunatazama sheria ya Marekani inayoviweka viwili hivyo katika mfuko mmoja. Ilitiwa saini tarehe 4 Julai 2025. Kuanzia tarehe 1 Januari 2027, mlipakodi atakayechangia mfuko wa ufadhili wa masomo atapunguziwa kodi ya serikali kuu kwa kiasi kile kile alichochangia, hadi dola 1,700 kwa mwaka. Mfuko huo huwalipia watoto ada na mahitaji mengine ya shule, shule za Kanisa zikiwemo. Kila jimbo (kwa maana ya serikali, si jimbo la Askofu) linaamua lenyewe kama litajiunga.

Tuelewe kwanza hesabu, maana wengi hukosea hapa. Mchango wa kawaida kwa taasisi ya hisani, kwa anayeruhusiwa kuudai, hutolewa katika kipato kabla ya kodi kukokotolewa. Anayetozwa asilimia 22 akichangia dola 1,700 anaokoa dola 374, na zilizobaki zimetoka mfukoni mwake kweli. Punguzo tunalolizungumzia hukatwa katika kodi yenyewe. Mtu anayedaiwa kodi ya dola 3,000 akichangia 1,700, atalipa serikali 1,300. Jumla iliyomtoka ni 3,000, sawasawa na jirani yake ambaye hakuchangia chochote.

Utaratibu huu haukuanza juzi. Jimbo la Arizona ndilo lililotangulia, mwaka 1997, kwa punguzo la hadi dola 500. Kwa nini wapitie njia hii ya kuzunguka badala ya serikali kuwapa wazazi fedha moja kwa moja? Sababu moja inatuhusu Wakatoliki. Mwaka 1875 mwanasiasa James Blaine alipendekeza katiba ya nchi ikataze fedha za umma kwenda katika shule za madhehebu, wakati ambapo wengi walizitazama kwa hofu shule za wahamiaji Wakatoliki. Pendekezo lilishindwa katika Seneti, lakini majimbo mengi yaliandika katazo la namna hiyo katika katiba zao. Mchango binafsi ukawa mlango uliobaki wazi.

Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa kusikiliza walipakodi waliopinga mpango wa Arizona. Hoja yake: fedha hizi hazijafika katika hazina, kwa hiyo ni za mchangiaji, na walalamikaji hawawezi kusema kwamba kodi yao imepelekwa katika dini. Jaji Elena Kagan aliandika kwa niaba ya waliopinga kwamba ruzuku ni ruzuku, iwe serikali imetoa fedha au imesamehe kodi. Mwaka 2020, katika shauri la Espinoza lililotoka Montana, mahakama hiyo iliamua kwamba jimbo halilazimiki kusaidia shule binafsi, ila likishaamua kuzisaidia haliwezi kuzibagua nyingine kwa sababu tu ni za dini.

Kanisa lina la kusema hapa. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, Gravissimum Educationis, namba 6, linafundisha kwamba wazazi wana haki ya kuchagua shule, na kwamba dola, kwa kufuata haki katika ugawaji, inapaswa kuhakikisha ruzuku za umma zinawawezesha kuchagua kweli kadiri ya dhamiri zao. Kanuni za 793 na 797 za Sheria ya Kanisa zimesimama hapo hapo. Kwa hiyo mzazi anayepokea ufadhili huu haombi huruma ya mtu. Anapokea anachostahili kama raia na mzazi.

Hapo ndipo jibu letu linapotokea. Kisheria dola 1,700 ni za mchangiaji. Kimaadili hajajinyima kitu; ameelekeza sehemu ya mali ya wote mahali panapofaa. Ni tendo jema la haki, na Mkatoliki anaweza kulifanya kwa dhamiri safi, lakini asilihesabu kuwa sadaka. Tumtazame mjane wa Luka 21. Kama hana kodi anayodaiwa, sheria hii haimpi punguzo lolote. Akichangia dola mbili, zimekwenda zote mbili. Tajiri wa jirani yake amerudishiwa zote.

Tena kuna jambo linalotutia wasiwasi zaidi. Sheria inaruhusu ufadhili kwa familia ambayo kipato chake hakizidi mara tatu ya kipato cha kati cha eneo lake. Mahali ambapo kipato cha kati ni dola 80,000, familia ya dola 240,000 inaruhusiwa. Mchangiaji hawezi kumtengea mtoto fulani mchango wake, na mfuko lazima utumie angalau asilimia 90 ya mapato yake kwa ufadhili. Makatazo hayo ni mazuri, lakini hayamlazimu mtu kuanza na maskini. Mfuko unaweza kufuata sheria yote, ukasaidia hasa watoto ambao tayari wako darasani na ada yao inalipwa, huku mtoto wa mfagiaji akibaki nje ya geti. Na kodi iliyopungua ingeweza kuhudumia shule ya umma anayosoma mtoto huyo huyo.

Kwa hiyo paroko mwenye shule, kabla ya kuwahimiza waamini wachangie, aulize mfuko unachagua watoto kwa vigezo gani na umewapa wangapi waliokuwa hawana shule kabisa. Na kikapu cha Jumapili cha kuwasaidia wanafunzi maskini kisiondolewe kwa sababu mfuko umeanzishwa.